Unyayo Kwenye Mfuko wa Saruji

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka binti yangu Limi dukani, mjini Kahama, kumtafutia soli za ndani za raba zake. Limi anacheza kikapu shuleni, na tangu wahamie kwenye uwanja mpya wa saruji amekuwa akirudi nyumbani anachechemea, anakaa mlangoni na kusugua visigino kama bibi kizee. Nilidhani ni jambo la dakika tano. Unaingia, unataja namba ya kiatu, unalipa, unatoka. Kumbe kijana wa duka alikuwa anaijua kazi yake. Akaleta beseni la maji, akatandika karatasi ya kaki sakafuni, akamwambia Limi, "Mdogo wangu, lowesha mguu wa kulia, halafu kanyaga hapa kwa uzito wako wote."

"Hapana," nikasema.

Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuitarajia. Kijana akanitazama, Limi akanitazama, na mama mmoja aliyekuwa akijaribu viatu pembeni akabaki na kiatu kimoja mkononi. Sikuwa na sababu ya kuwapa. Mimi ni mwalimu, nafundisha sayansi darasa la sita, na kila mwaka nawaambia watoto wa watu kwamba alama ya mguu ni maji na vumbi, basi. Lakini duka lilikuwa linanuka gundi, ngozi na mpira mpya, na harufu hiyo haikujali cheti changu. Ilinibeba mzimamzima ikanitua Masumbwe, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, nimejificha nyuma ya sketi ya shangazi yangu, natazama mtu akimchukua alama ya mguu.

Shangazi yangu anaitwa Kashinje. Kwetu Usukumani jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu, na watu wanaamini kwamba miguu iliyoingia duniani namna hiyo ni dawa ya mgongo. Ukiumwa kiuno unakwenda kwa Kashinje, unalala kifudifudi kwenye mkeka, anakukanyaga. Nyumbani kwetu walikuja wachimbaji wadogo kutoka kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, wamejipinda wasiweze hata kusalimia vizuri. Walikuja akina mama wa mashambani. Mchungaji wetu naye alikuja mara moja, akapitia mlango wa uani ili waumini wasimwone. Shangazi alinawa miguu, akapanda juu ya mgongo wa mtu, akaanza kutembea taratibu kama anayekagua shamba. "Pumua, baba," alikuwa akisema. "Usijikaze, mimi si gunia la mpunga." Wakiinuka walisema wabeja, wabeja sana, wakaacha kuku au kibaba cha njugu.

Nyayo zake zilikuwa bapa kabisa. Akitoka kuoga aliacha sakafuni alama nzima, kama mtu aliyebandika chapati mbili ndefu. Za kwangu zilikuwa na pengo katikati, upande wa ndani, na mimi niliamini pengo hilo ndipo mahali ambapo dawa ingekaa kama ningezaliwa vizuri. Nilimwonea wivu. Nilikuwa nakanyaga kwa nguvu kwenye tope nikijaribu kuliziba.

Bibi yetu, mama yake Baba na Shangazi, alizilinda nyayo hizo kuliko alivyolinda ng'ombe. Kila asubuhi alifagia uwanja kuanzia mlangoni mpaka njiani, na pale Shangazi alipokanyaga alipitisha ufagio mara mbili. "Unyayo wa Kashinje hauachwi njiani kama ganda la muwa," alinifundisha. Mtu akizoa udongo ulioukanyaga, alisema, amekushika, na atakuvuta apendako. Shuleni nako tulikuwa na yetu. Msichana mmoja niliyekaa naye dawati moja, mtoto wa mchimbaji, aliapa kwamba duara likigoma kutoa dhahabu wanazika kwenye mdomo wa shimo unyayo wa mtu maalumu, pacha au Kashinje. Dhahabu inatoka, na mwenye unyayo anakuwa kiwete. Alinieleza hayo huku akila mhogo wangu, na mimi niliyameza yote bila kutafuna.

Sasa, Shangazi alikuwa mchezaji wa mpira wa pete. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, mrefu, mikono mirefu zaidi, na alicheza nafasi ya kumzuia mfungaji. Akiruka kuzuia mpira, wanaume walioegemeza baiskeli pembeni ya uwanja walinyamaza. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo. Lakini kule upande wa Bulyanhulu kulikuwa na timu ya wanawake ya kampuni moja iliyokuwa ikipika chakula kwenye kambi za wafanyakazi, na timu hiyo ilikuwa inatafuta mlinzi. Atakayechaguliwa angepata kazi jikoni, pa kulala, na mazoezi kila jioni kwenye uwanja wa saruji. Jina la Shangazi lilikuwa limefika huko, akaitwa aende kujaribiwa.

Nyumbani kulikuwa na jambo lingine, na hilo nililijua ingawa hakuna aliyenikalisha chini kuniambia. Wageni walikuwa wamekuja mara mbili kutoka Ushirombo, wazee watatu wenye fimbo, kumzungumzia mtu aliyetaka kumwoa Shangazi. Mtu mwenyewe alikuwa na umri wa Baba na ng'ombe wengi kuliko Baba. Baba akatoa uamuzi wake wakati wa chakula, bila kumtazama dada yake usoni. "Ukichaguliwa huko, nenda. Usipochaguliwa, tutawasikiliza hawa watu." Shangazi akasema, "Nimesikia, kaka." Akaendelea kula ugali wake. Mimi nikaona jambo limekwisha vizuri, maana nani angekataa kumchagua Shangazi?

Tatizo lilikuwa miguu yenyewe. Ili auzoee uwanja mgumu, alianza kufanya mazoezi kwenye sakafu ya saruji ya ghala la pamba lililokuwa tupu. Siku ya tatu akawa hawezi kukanyaga asubuhi. Alishuka kitandani akishika ukuta. Hilo lilinichanganya sana. Miguu iliyoponya wachimbaji inawezaje kuumwa? Na ikiumwa, nani wa kuikanyaga?

Mtu mmoja akamwelekeza kwa Fundi Ramadhani. Huyu alikuwa fundi viatu, mtu wa Tabora, aliyekaa kwenye kibaraza cha duka la mabuti barabarani, amezungukwa na mabuti ya wachimbaji yenye matobo. Ujanani alikuwa amecheza mpira wa wavu mpaka goti likamkatalia, kwa hiyo mambo ya kuruka na kutua aliyafahamu. Shangazi alinichukua, kama alivyonichukua kila mahali, kwa sababu msichana akienda peke yake kwa fundi watu wanapata la kusema.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Lete hizo raba."

Hakutazama miguu kwanza. Alizigeuza raba juu chini, akazitazama kwa muda mrefu. "Unaona," akasema, "zimelika upande wa ndani, zote mbili, na ya kushoto zaidi. Ukitua, mguu unalala kwa ndani." Ndipo akaleta maji ndani ya kopo, akapasua mfuko mtupu wa saruji, akautandika, akamwambia aloweshe mguu na kukanyaga.

Shangazi akakanyaga. Alama ikatokea nyeusi kwenye karatasi, nzima, ile chapati yake. Fundi akachuchumaa akaitazama, akatingisha kichwa kwa huruma kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Unyayo wako hauna daraja," akasema. "Kwa watu wengi hapa katikati pameinuka. Wewe pamelala. Kwenye udongo si kitu, udongo unakubali. Saruji haikubali, saruji inakurudishia kila unachoipa. Lazima tukujengee daraja kwa chini."

Mimi masikio yalikuwa yamesimama. Hauna daraja? Anatuhurumia kwa kitu tulichokuwa tunajivunia?

Kisha akafungua sanduku lake, akatoa soli za ndani za aina tatu. Za kwanza zilikuwa za sponji, za buluu, laini, mpya kabisa ndani ya mfuko wake wa nailoni. Za pili zilikuwa na kitu ndani kama ute wa yai, ukibonyeza kinakimbilia pembeni. Za tatu zilikuwa za mtumba, kavu, za kijivu, zimetolewa kwenye raba ya mtu fulani huko ng'ambo, na zilikuwa ngumu kama gome. Shangazi akazishika za buluu, akazipapasa, akazipeleka shavuni.

"Hizi, fundi. Hizi zitanipumzisha."

"Hizo ni godoro la mtoto," fundi akasema. "Tazama." Akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka kidole kikakutana na kingine kwa chini. "Imeshuka yote. Wewe ukitua na uzito wako wote, itashuka hivihivi, na mguu utalala palepale ulipokuwa umelala. Tena sponji inateleza ndani ya kiatu. Laini si msaada, mwanangu. Kitu cha kukusaidia lazima kikukatalie kidogo."

Akamtolea zile za mtumba. Zilikuwa zimejikunja nyuma kama kikombe, kukikamata kisigino, na katikati zilikuwa na kilima. Akamwambia aje na soksi zile anazochezea, si hizi za kutembelea, kwa sababu nafasi ndani ya kiatu inabadilika. Akang'oa kwanza soli za zamani zilizokuwa ndani ya raba. "Usirundike moja juu ya nyingine, kisigino kitapanda juu, kiatu kitakutema." Akamrusharusha pale kibarazani, ruka, tua, ruka, tua, geuka, huku wenye mabuti wakicheka, na kila mara alimuuliza panapouma na panapobana. Akaamua kwamba ya kushoto itaongezewa kilima kwa kipande cha ndala ngumu, na zote atazivalisha ngozi mpya kwa juu.

Yote hayo nayaelewa leo, naweza hata kuyafundisha. Siku ile niliona mambo mengine kabisa. Niliona, kwenye ile soli ya kijivu kabla haijavalishwa ngozi, mabonde matano ya vidole vya mtu. Mtu mzima, nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, alikuwa ameacha unyayo wake mle ndani. Na niliona fundi akiusubiri mfuko wa saruji ukauke, akizungushia penseli alama ya Shangazi, akiandika jina lake, akiukunja, akiufunga kwa kamba na kuutundika kwenye msumari ukutani. Pale msumarini kulikuwa na mikunjo mingine kumi au zaidi. Miguu ya watu imening'inia kama vitunguu. Kwa hiyo mtu huyu anachukua unyayo wa Shangazi, na mahali pake anampa unyayo wa mtu mwingine. Na akina nani waliokuwa wateja wake wakubwa? Wachimbaji.

Shangazi alinunua na zile za buluu pia, kwa ajili ya viatu vyake vya kanisani, maana hakuweza kuziacha. Njiani nikamuuliza kwa nini fundi amebaki na karatasi. "Akihitaji kunitengenezea nyingine," akasema. Nikamuuliza kama Bibi anajua. Akacheka, akanivuta sikio. "Bibi tutamwambia nikishachaguliwa." Basi hata yeye alikuwa anajua kwamba kuna jambo la kufichwa. Nilishika mkono wake kwa nguvu njia nzima, na nilikuwa naogopa kweli.

Soli zikawa tayari. Fundi alimwambia azivae saa moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, mguu uzizoee. Baada ya wiki moja Shangazi alikuwa anashuka kitandani bila kushika ukuta. Baada ya siku kumi alikuwa anaruka ghalani kama ndama aliyefunguliwa. Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi nilizidi kuchanganyikiwa, kwa sababu rafiki yangu wa dawati, nilipomsimulia kila kitu, hakushangaa hata kidogo. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Kwanza unanogewa. Ukiwete unakuja siku ya mwisho." Nikamuuliza dawa yake. Akafikiri, akasema kitu chochote kibaya kikizikwa zizini, ng'ombe wanakikanyaga mpaka nguvu zinakwisha. Nadhani aliyatunga palepale. Mtoto mwenzangu, naye alikuwa hajui kitu, lakini alijua kusema bila kusita, na mimi nilikuwa natafuta mtu wa namna hiyo.

Siku ya majaribio niliamka alfajiri kabla ya wote. Raba za Shangazi zilikuwa mlangoni ndani ya mfuko, tayari kwa safari. Nikang'oa zile soli ngumu, za fundi. Zilikuwa zimeshaanza kuchukua umbo la miguu yake, jambo lililonitisha zaidi. Nikazitoa za buluu kwenye viatu vya kanisani nikazipachika mle. Kisha nikaenda zizini, nikachimba kwa mikono pembeni ya mlango ambako ng'ombe wote hupita, nikazizika, nikazifukia kwa samadi mbichi iliyonipaka mpaka viwiko. Nilisema na sala, ile tunayosali kabla ya kula, maana ndiyo niliyoijua mpaka mwisho. Nilijisikia shujaa. Sijawahi tena kujisikia shujaa namna ile, na sitaki.

Tukiwa tunatoka, Shangazi aliinama kunifunga kitambaa kichwani, akasita. "Mbona unanuka zizi? Kanawe." Nikaenda nikanawa.

Tulipanda lori la mpunga mpaka Kahama, tukaunganisha gari jingine. Uwanja ulikuwa ndani ya uzio, saruji tupu, imepigwa mistari myeupe, inawaka jua. Kulikuwa na mwalimu wa timu, mama mnene mwenye filimbi na kofia, na wasichana wengine wanne waliokuja kujaribiwa. Shangazi alikaa chini kuvaa raba. Akaingiza mguu wa kulia. Akautoa. Akaingiza mkono ndani ya kiatu, akapapasa, akakaa hivyo mkono ukiwa ndani kwa muda. Kisha akanitazama.

Nikatazama goli.

"Wa Masumbwe, tayari?" mwalimu akaita.

"Tayari, mwalimu," Shangazi akasema, akafunga kamba.

Robo ya kwanza alicheza vizuri, na ya pili vizuri zaidi. Alimzima mfungaji wao mpaka yule dada akaanza kulalamika kwa mwamuzi. Nilimsikia mwalimu akimwambia mwenzake, "Huyu sasa." Nilijua kwamba ni kazi yangu, kwamba anaruka vile kwa sababu nimemfungua. Lakini kabla ya robo ya tatu alivua kiatu cha kushoto, akakikung'uta, akanyoosha kitu ndani, akavaa tena kwa haraka. Sponji ilikuwa inajikunja. Katikati ya robo hiyo mpira ulikuja juu, wa mbali, na yeye akaruka akaufikia. Nakumbuka vidole vyake vikiugusa. Akatua kwa mguu wa kushoto, mguu ukateleza ndani ya kiatu chenyewe, ukalala kwa ndani, na mimi nilisikia mlio, kama mtu aliyevunja kijiti kikavu nyuma ya mlango.

Hakulia. Aliketi kwenye saruji akiushika mguu, akasema, "Subirini, nitaamka." Walimsubiri. Hakuamka.

Na mimi je? Laiti ningeweza kusema kwamba pale pale nilielewa. Nilielewa kinyume. Nilimwona Shangazi amebebwa na watu wawili, mguu ukining'inia, nikasema moyoni: ndiyo hiyo, ukiwete, siku ya mwisho, kama nilivyoambiwa. Nimechelewa. Fundi ameshauzika unyayo. Nililia mpaka mwalimu wa timu akaninunulia soda, na soda yenyewe niliinywa nikilia.

Mshipa wa kifundo ulikuwa umekatika. Alikaa na bandeji ngumu kwa majuma mengi, na timu ikamchukua msichana mwingine. Wakati huo wote Bibi hakulaumu mtu, alifagia tu. Siku moja Fundi Ramadhani akaja nyumbani kwa baiskeli, amesikia habari, amebeba papai la mgonjwa. Nilijificha nyuma ya pazia la mlango. Akaomba kuziona raba. Akaingiza vidole, akavuta ile sponji ya buluu, imekunjamana kama kitambaa cha kufutia masufuria. Akaitazama, akamtazama Shangazi.

"Nani ameweka hizi?"

"Mimi, fundi," Shangazi akasema. "Siku ile nilitaka laini."

Fundi akaiweka sponji chini. "Nilikuambia, mwanangu," akasema polepole. "Nilikuambia."

"Uliniambia. Nisamehe. Nilikuwa mjinga."

Baba alikuwepo, akasonya, akatoka nje. Habari ikaenea mjini kwamba Kashinje alipewa kitu cha kumsaidia akakiacha kwa sababu ya uvivu wa miguu. Walimtania sokoni mpaka alipoondoka. Naye aliondoka mapema mwaka uliofuata, kwenda Ushirombo, kwa yule mtu mwenye ng'ombe. Harusi ilikuwa na nyama nyingi. Alitembea taratibu kwenda garini, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, na Bibi akafagia nyuma yake.

Kwa nini alimdanganya fundi? Nililigeuza swali hilo miaka na miaka. Mwanzoni niliamini anamwogopa, kwa vile anao unyayo wake msumarini. Nilipokuwa mkubwa na kuijua akili yangu ya utotoni ilivyokuwa, nikadhani labda alichanganyikiwa, labda aliamini kweli kwamba yeye ndiye aliyekosea kuzibadilisha katika haraka ya safari. Dhana hiyo ilinifaa, nikakaa nayo. Jambo moja tu lilikataa kukaa sawa. Muda mfupi baada ya majaribio nilikwenda zizini kuzifukua zile soli, nikitaka kuhakikisha zimekufa. Hazikuwepo. Nilichimba pembeni yote ya mlango. Nikaamua kwamba ng'ombe wamezila, na nikamchunguza mmoja mwenye doa kwa muda mrefu, nikisubiri achechemee.

Sijawahi kumwambia. Mume wake alifariki, akahamia hapa Kahama, ana mashine yake ya kukoboa mpunga, na watu bado wanamfuata kwa ajili ya migongo. Anakanyaga kwa mguu wa kulia tu, wa kushoto anauegemeza kwenye kigoda. Mimi mwenyewe amenikanyaga mara nyingi. Kila nikilala pale kifudifudi, uso kwenye mkeka, naona hapo ndipo pa kusema, kwa kuwa hanioni macho. Ananiambia nipumue, napumua, naondoka. Najionea aibu kila mara.

Basi pale dukani nikamwambia kijana aendelee. Limi akalowesha mguu, akakanyaga. Alama ikatokea nzima, haina pengo. Mguu wa Shangazi, kwenye karatasi ya kaki, mbele yangu. Kijana akaanza kueleza habari ya daraja kwa maneno yake mengine, akapanga aina mbili mezani, na Limi akazichukua zile laini, akazipeleka shavuni.

"Mama, hizi."

Nikatoka kibarazani nikapiga simu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona simu saa za kazi, mko salama?" Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake.

"Tuko salama. Niko dukani na Limi, tunamchukulia soli za ndani za raba. Ana miguu kama yako. Kuna ngumu na kuna laini, na yeye analilia hizo laini. Nikasema nikuulize wewe."

Nilimsikia akimwambia mtu azime mashine, na mngurumo ukashuka mpaka ukaisha.

"Chukua ngumu," akasema. "Na safari hii usizizike zizini."

Nilisimama na simu sikioni. Watu walikuwa wanapita na magunia, bodaboda moja ikanipigia honi nisogee, nikasogea. "Shangazi," nikasema. "Shangazi, mimi..."

"Mteja huyo amefika," akasema. "Mlete mtoto Jumapili, nimtazame hiyo miguu. Na wewe uje na mgongo wako."